Printa ya Shirika na Siri za Watu

Ilikuwa alasiri ya juma la mitihani, na ofisi ya madrasa yetu ilikuwa imejaa watu kama gati siku ya kutia nanga jahazi. Printa ni moja, nayo iko chumba cha chini. Walimu ni tisa, nao wametapakaa katika vyumba vinne, viwili vikiwa ghorofani. Kwa miaka mingi kila aliyetaka kupiga chapa alitia kazi yake katika flashi, akashuka ngazi, akaomba kiti cha kompyuta iliyounganishwa na printa, akangoja zamu yake. Juma hilo tulikuwa tumegundua kwamba printa ile ina uwezo wa kupokea kazi kwa njia ya mtandao, bila flashi wala ngazi, nasi tukafurahi kama mtoto aliyepewa kanzu mpya.

Mama mmoja, mzazi wa watoto watatu tunaowasomesha, alikuwa ametuomba tumwandikie barua ya kupeleka Mahakama ya Kadhi juu ya matunzo ya watoto wake. Tulimwandikia ghorofani, tukabonyeza, na barua ikaenda. Kabla hatujafika chini, vijana wawili waliokuja kuchukua karatasi za mtihani walikwisha kuiokota kwenye trei, na mmoja wao alikuwa akiisoma kwa sauti. Mwanawe wa kwanza yule mama alikuwa amesimama mlangoni, akisikiliza.

Hatukulala vyema usiku ule. Vijana ni vijana, na mashine ilifanya kama ilivyoamrishwa. Aliyeacha siri ya watu mahali pa njia ni sisi. Tulikwenda kumwomba radhi mama yule nyumbani kwake, naye alitupokea kwa adabu kubwa, jambo lililotuuma zaidi kuliko kama angalitugombeza. Tukarudi na nia ya kuitengeneza kazi hii ya kuchapisha kwa shirika hata ijulikane nani ametuma nini, kazi inangoja wapi, na karatasi inatoka mbele ya nani. Yaliyotupitia katika kutengeneza huko ndiyo tunayowaandikia, kwa kuwa tunajua madrasa nyingi, ofisi za misikiti, vikundi vya akina mama na hata nyumba za watu zina printa moja na watumiaji wengi.

Sisi si mafundi wa kompyuta. Elimu yetu ni ya chuoni, ya kitabu na ubao. Aliyetushika mkono ni binti mmoja aliyesoma kwetu tangu alifu hadi akahitimu, kisha akaenda chuo cha ufundi, na sasa hutusaidia siku za Jumamosi.

“Shekhe,” alituambia, “ile kompyuta kuukuu mliyoitia stoo, mbona tusiitumie?”

“Mwanangu, ile ni mgonjwa. Kuwaka kwenyewe ni nusu saa.”

“Si mgonjwa, Shekhe. Imetwikwa mzigo inaoshindwa kuubeba. Nitaitoa huo mzigo, niitie Linux.”

Linux ni mfumo wa kuendeshea kompyuta ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland wakati huo. Hutolewa bure, na yeyote huruhusiwa kuufungua, kuusoma na kuutengeneza. Aina tuliyowekewa huitwa Debian. Kompyuta ile kuukuu, baada ya kuondolewa madoido yote, haina hata kioo cha kutazamia. Imekaa kabatini na waya mbili, ya umeme na ya mtandao. Kazi yake ni moja tu, kupokea kazi za wengine na kuzisimamia. Mashine ya namna hiyo ndiyo iitwayo seva.

Aliye mgeni wa jambo hili na amfikirie fundi cherehani siku za kukaribia Idi. Kila nyumba inaleta vitambaa, na fundi ana cherehani moja. Fundi mjinga huviweka vyote juu ya meza, na atakayesukuma zaidi ndiye hushonewa. Fundi hodari ana daftari: huandika jina, hukifunga kitambaa na karatasi yake, hukiweka katika foleni, na cherehani ikiharibika foleni haipotei. Printa ni cherehani. Seva ni fundi mwenye daftari. Sisi, siku ile ya barua, tulikuwa tumevitupa vitambaa vya watu juu ya cherehani bila fundi.

Daftari lenyewe ni programu iitwayo CUPS. Mmarekani Michael Sweet alianza kuitengeneza mwaka 1997, ikatoka kwa watu mwaka 1999. Kampuni ya Apple iliitia katika kompyuta zake mwaka 2002, na mwaka 2007 ikamwajiri Sweet mwenyewe na kuinunua programu yake. Kwa hiyo mwenye kompyuta ya Mac anayechapisha nyumbani kwake anatumia daftari lile lile lililo katika kabati letu.

Hapa tutatoka kidogo nje ya mada. Printa ya shirika ina nafasi yake katika kisa cha programu huria. Katika maabara moja ya chuo kikuu cha MIT, Marekani, alikuwako mtaalamu aitwaye Richard Stallman. Printa yao ya zamani ilikuwa na tabia ya kukwama karatasi, naye akaiongezea programu ya kuwapasha habari wote wenye kazi kwenye foleni kwamba karatasi imekwama, nendeni mkaitoe. Ikaja printa mpya ya Xerox, nayo hukwama vile vile, lakini maandiko ya programu yake hayakutolewa. Stallman alimwendea mtu wa chuo kingine aliyekuwa nayo, akanyimwa, kwa kuwa yule alikuwa ameahidi kutompa mtu. Jambo hilo lilimkaa rohoni. Mwaka 1983 alitangaza mradi wa GNU, na programu za mradi huo ndizo zinazofuatana na Linux hadi leo. Binti yetu alipotusimulia haya tulicheka, maana nasi tulikuwa tumefikishwa hapo na printa.

Sasa turudi kabatini. Jambo la kwanza halikuwa la Linux kamwe, lilikuwa la anwani. Kila chombo katika mtandao hupewa anwani ya tarakimu na kile kisanduku cha intaneti, yaani ruta. Umeme ukipotea na kurudi, ruta huweza kuzigawa anwani upya, na printa iliyokuwa nyumba ya hamsini ikajikuta nyumba ya sitini na tatu. Walimu wanabisha hodi nyumba tupu, kisha wanasema printa imeharibika. Binti aliingia katika ruta akaiwekea printa anwani ya kudumu, 192.168.1.50, na seva akaiwekea 192.168.1.10. Nusu ya malalamiko ya mwaka mzima yalikwisha hapo, kabla hatujagusa lolote jingine.

Kisha alitia programu kwa amri hii:

sudo apt install cups

Akatutia sisi katika kundi la wasimamizi:

sudo usermod -aG lpadmin shekhe

Na akaiandikisha printa, akiiita Ofisi:

sudo lpadmin -p Ofisi -E -v ipp://192.168.1.50/ipp/print -m everywhere

Neno “everywhere” katika amri hiyo linaiambia seva isitafute draiva ya pekee ya kampuni fulani, bali iiulize printa yenyewe ina uwezo gani: rangi au weusi, upande mmoja au miwili, karatasi ya ukubwa gani. Printa nyingi za miaka ya karibuni hujibu swali hilo. Zile za zamani hazijibu, na hapo itabidi kutafuta draiva yake. Kabla ya kununua printa iliyotumika ni busara kuuliza kama inaijua lugha ya IPP.

Herufi ile “-E” ilitusumbua siku nzima. Tulipojaribu wenyewe kuandikisha foleni ya pili, tuliiandika mwanzo kabla ya jina la printa, tukidhani ni mamoja. Si mamoja. Ikitangulia jina, maana yake ni kwamba mazungumzo na seva yasitiriwe kwa msimbo. Ikifuata jina, maana yake ni kwamba foleni ifunguliwe na ianze kupokea kazi. Sisi tulikuwa na foleni iliyosajiliwa na kufungwa, nasi tukiituma kazi baada ya kazi. Wanafunzi wetu wa nahau watafahamu: kutanguliza na kuakhirisha hubadilisha maana.

Baada ya hapo ni kuigawa kwa wengine:

sudo cupsctl --share-printers
sudo lpadmin -p Ofisi -o printer-is-shared=true

Amri ya kwanza inaufungua mlango wa seva, ambao namba yake ni 631, kwa walio katika mtandao wa jengo peke yao. Kuna amri nyingine inayofungua kwa dunia nzima, nasi hatuiandiki hapa makusudi. Mwezi wa Septemba 2024 mtafiti wa Kiitalia, Simone Margaritelli, alitangaza nyufa kadhaa katika programu zinazofuatana na CUPS, hasa ile iitwayo cups-browsed, ambazo kupitia kwazo mtu wa mbali angeweza kuidanganya kompyuta kuwa kuna printa mpya, na mtumiaji akipiga chapa kwa printa hiyo ya uwongo, amri za adui zikatekelezwa. Marekebisho yalitolewa. Sisi tulifanya mambo matatu: tukasasisha programu zote, tukaizima cups-browsed kwa kuwa hatuihitaji, na tukahakikisha kwamba ruta haipitishi mtu wa nje kuingia mlango wa 631. Wageni wanaoomba intaneti wakati wa darasa za wazazi wamewekewa mtandao wao mbali, na kutoka huko printa haionekani.

Kwa upande wa walimu, kazi ilikuwa nyepesi kuliko tulivyoogopa. Katika seva kuna programu iitwayo Avahi ambayo hufanya kazi ya mpiga mbiu. Huzunguka mtandaoni ikitangaza kwamba hapa pana printa iitwayo Ofisi. Simu za iPhone na nyingi za Android husikia mbiu hiyo na kuionyesha printa bila ya kufundishwa. Kompyuta za Windows zilizokataa kusikia tuliziandikia anwani kwa mkono, http://192.168.1.10:631/printers/Ofisi, zikatulia. Maalima wa darasa la watoto wadogo, ambaye hana kompyuta kabisa, sasa hupiga chapa picha za herufi kutoka simu yake akiwa darasani.

Tulipodhani tumemaliza, ikaja taabu ya kila asubuhi. Umeme ukikatika usiku na printa ikazimika, seva hujaribu kuifikia, haipati, basi huifunga foleni na kukaa kimya. Printa ikiwaka tena, foleni haifunguki yenyewe. Kazi hupokelewa, hupangwa, wala haitoki hata moja, na walimu hubonyeza mara tano tano. Foleni ikija kufunguliwa, mtihani mmoja hutoka nakala mia na hamsini. Hivyo ndivyo tulivyopoteza rimu mbili. Dawa ya papo hapo ni amri “cupsenable Ofisi”, lakini kabla yake tazama foleni kwa “lpstat -o” na ufute yaliyorudufiwa kwa “cancel”. Dawa ya kudumu ni kuiambia seva isikate tamaa, ijaribu tena:

sudo lpadmin -p Ofisi -o printer-error-policy=retry-job

Yote hayo yalikuwa ya raha, na barua ya yule mama ilikuwa bado haijajibiwa. Tulijaribu kwanza kutanguliza karatasi yenye jina la mtumaji mbele ya kila kazi. Ilikula karatasi, wala haikumzuia mtu kufunua ukurasa wa pili. Tuliiacha baada ya siku mbili.

Njia tuliyotulia nayo ni foleni mbili kwa printa moja. Ya kwanza ni Ofisi, kazi ikifika hutoka. Ya pili tuliiita Siri, nayo inaelekea printa ile ile, lakini imeamrishwa kuizuia kila kazi mpaka ifunguliwe:

sudo lpadmin -p Siri -o job-hold-until-default=indefinite

Barua za wazazi, vyeti vya ndoa, matokeo ya mitihani, karatasi za mtihani zenyewe, zote hutumwa Siri. Zinangoja ndani ya seva. Mwenye kazi anaposhuka na kusimama mbele ya printa ndipo kazi hufunguliwa, ama na yeye mwenyewe ama na msimamizi, kwa namba yake, mathalani “lp -i Siri-42 -H resume”. Tumeweka kompyuta ndogo karibu na printa kwa ajili hiyo, na binti ameiandika amri katika kitufe ili asiyejua asiandike chochote.

Lakini kungoja ndani ya seva nako kuna habari yake. Ilitushtua kujua kwamba CUPS, isipoambiwa vinginevyo, huhifadhi nakala ya kila kazi kwa muda wa sekunde 86400, yaani siku nzima, baada ya kwisha kuchapishwa. Maana yake barua imeshatoka, imeshachukuliwa, na mwenziwe amelala ndani ya kabati. Katika faili /etc/cups/cupsd.conf tuliongeza mstari huu, kisha tukaiwasha upya programu:

PreserveJobFiles No

Ina gharama. Karatasi ikikwama mwishoni na seva ikadhani kazi imekwisha, hakuna cha kurudia. Mwenyewe ataituma upya. Tumekubali gharama hiyo.

Liko pia la msimamizi. Mtumiaji wa kawaida haoni majina ya kazi za mwenziwe, hilo CUPS inalisitiri tangu mwanzo. Msimamizi huyaona yote. Tulipofungua ukurasa wa kazi zilizopita tulikuta majina ya mafaili ambayo peke yake yalisimulia habari za nyumba za watu. Kwa hiyo wasimamizi wetu ni wawili tu, neno la siri halikuandikwa ukutani, na tumewaomba walimu wasiyape mafaili majina ya kufichua. “Barua ya tatu” yatosha. Na wenye zile mashine kubwa za ofisi, zinazotoa nakala na kuchanganua, wajue kwamba aghalabu zina diski yao wenyewe ndani. Mashine kama hiyo haiuzwi wala haitolewi sadaka kabla ya kusafishwa.

Juu ya kiasi cha karatasi hatuna maneno mengi. CUPS huweza kumwekea kila mtumiaji mpaka wa kurasa kwa muda fulani. Sisi tuliweka kurasa 60 kwa juma, na juma hilo hilo mwalimu mmoja alikwamia katikati ya mtihani wa fiqhi. Tukapandisha hadi 200. Mpaka huo hufuata jina ambalo kompyuta ya mtumaji inajitajia, na kijana mjanja huweza kujiita jina jingine. Usiufanye hakimu, ufanye ukumbusho.

Maandishi ya Kiarabu yanataka tahadhari zaidi. Yakitumwa yakiwa faili la kuandikia kutoka simu isiyo na hati inayofaa, herufi huweza kutoka zimekatika, kila moja peke yake, na jina la mtoto kwenye cheti likawa si jina. Tangu tulipowataka walimu wahifadhi kila kitu kama PDF, hati ikiwa imefungwa ndani yake, kisha wakitazame kwa macho kabla ya kutuma, hatujarudia cheti. Kurasa za majaribio na zile zilizoharibika zenye aya au jina la Mwenyezi Mungu tumeziwekea kisanduku chake karibu na printa, zisiangukie jaa.

Waliotuuliza kama haya yanawezekana nyumbani, jawabu ni ndiyo, na kwa chombo kidogo zaidi. Kijikompyuta cha Raspberry Pi, kisichozidi kiganja, huendesha Linux na CUPS bila taabu, na printa ya zamani yenye waya wa USB tu, ilimradi draiva yake ipo, huunganishwa nacho ikawa printa ya mtandao kwa simu zote za nyumbani. Foleni ya Siri kwa nyumba ya watu wanane, wakiwamo wakwe, si jambo la kudharau.

Mwezi uliopita yule mama alikuja tena. Mahakama ilikuwa imemtaka maelezo zaidi. Tulimwandikia ghorofani kama mwanzo, tukaituma Siri, tukashuka naye pamoja. Alisimama mbele ya printa, tukamwonyesha kitufe, akakibonyeza mwenyewe. Karatasi mbili zikatoka zikiwa bado na joto. Alizisoma pale pale kwa utulivu kutoka juu hadi chini, akazikunja mara nne, akazitia ndani ya buibui, akatuuliza kama tuna bahasha.